Tatizo ni neno, au ni spika?

Mwaka 2001 mhubiri mmoja wa Kiislamu alihukumiwa Morogoro kifungo cha miezi 18. Kosa lake ni kutamka hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Waislamu waliandamana Dar es Salaam, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 2003, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, hatia ikafutwa.

Kifungu kilichomnasa ni cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kutamka neno kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za mtu za kidini. Kenya wana ndugu yake, kifungu cha 138. Vyote viwili ni vitukuu vya sheria ya jinai ambayo Waingereza waliitungia India mwaka 1860. Uzito wake uko kwenye neno "makusudi": mtu akitangaza anachokiamini na jirani akachomwa, kuchomwa huko peke yake si ushahidi wa nia.

Sioni mahakama ingepita njia gani nyingine. "Hakuzaa wala hakuzaliwa" Muislamu huisoma ndani ya sala. Mkristo naye akisema hakuna wokovu nje ya Yesu, amekwisha kumwambia Muislamu kwamba amepotea, hata akisema kwa upole. Ukilifanya fundisho lenyewe kuwa kashfa, utawafunga wote wawili.

Lakini wanaotaka mihadhara ya mlingano wa dini, ile ya kulinganisha Uislamu na Ukristo hadharani, izuiwe wana hoja, na nimechoka kusikia wakiitwa waoga. Hawakiogopi kitabu, wanakiogopa kiwanja: jua kali, umati, vijana wenye hasira, na mtu mwenye maiki anayejua kwamba akimdhihaki Mtume au Bikira Maria atashangiliwa. Watakukumbusha Mwembechai, Dar es Salaam, Februari 1998, ambako malalamiko kwamba Yesu anakashifiwa msikitini yaliishia kwa maiti. Ibara ya 30 ya Katiba ya Tanzania nayo inasema haki ya mmoja isivuruge haki za wengine wala maslahi ya umma.

Ila Mwembechai ni mfano wenye makali pande mbili. Waliokufa pale hawakuuawa na Wakristo waliochomwa na maneno; risasi zilikuwa za polisi. Dola lilipoingia kuamua nani amemkashifu nani, likageuka kuwa upande mmoja wa ugomvi. Ndiyo maana kazi ya kupima kashfa isiachiwe mkuu wa kituo.

Uingereza waliligusa jambo hilo mwaka 1999. Wanawake watatu walikuwa wakihubiri kwenye ngazi za kanisa kuu la Wakefield, watu wakakasirika, polisi wakawakamata kwa kukataa kunyamaza. Jaji Sedley alisema uhuru wa kusema yasiyoudhi tu hauna thamani. Kama kuna anayetishia kupiga, huyo ndiye wa kushughulikiwa. Kenya, kwenye Katiba ya 2010, Ibara ya 33 ya uhuru wa kujieleza, waliondoa ulinzi kwa uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki. Kuudhi hakumo, japo kifungu cha 138 bado kinaning'inia vitabuni.

Kwangu mimi, mpaka wa mahubiri ya hadharani upimwe kwa swali jingine: msikilizaji anaweza kuondoka? Aliyekwenda viwanja vya Jangwani, Dar es Salaam, kwenye mkutano wa injili, au aliyesimama kwenye mhadhara, amekwenda kwa miguu yake na akichoka atarudi kwao. Abiria aliyebanwa siti ya dirishani kwenye basi la mkoa hana pa kwenda mhubiri anaposimama, anapoomba kwa sauti, kisha anapitisha sadaka. Mgonjwa aliyelala jirani na hema la mkesha, spika zimeelekezwa nje hadi saa kumi alfajiri, naye hana.

Hapo sheria haina haja ya kujua kilichosemwa. Kanuni za Tanzania za kudhibiti kelele za mwaka 2015 zinapima sauti, hazimuulizi mtu dini. Najua swali litakalofuata: na adhana? Nayo ipimwe, kwa ukali wa sauti na kwa muda wake, kama mkesha unavyopimwa. Adhana ni ya dakika chache, mkesha ni wa usiku kucha, na mizani ikiwa moja tofauti hiyo itaonekana yenyewe. Konda naye anaweza kumwambia mhubiri ateremke kituo kinachofuata bila kugusa hata aya moja ya alichohubiri.