Risasi Isiyo ya Bunduki: Ditekta Kwenye Nyumba za Kale za Magharibi

Kijana aliyeniletea kile kipande hakuwa na shaka. "Mwalimu, hii ni risasi," akasema, akinikabidhi kitu bapa cha kijivu, upana wake kama kitufe cha koti. Risasi ilikuwa kweli, lakini ya madini, si ya bunduki. Ubavuni kilikuwa na matundu mawili, na usoni herufi zilizofutika nusu. Kwa kadiri nijuavyo ni muhuri wa robota la nguo. Kamba au waya ulipitishwa kwenye matundu, risasi ikabanwa kwa koleo, na mzigo ukasafiri hivyo ili atakayeufungua njiani ajulikane. Alikuwa ameupata kwa ditekta, kile kifaa kinacholia kikipita juu ya metali iliyofukiwa, nyuma ya nyumba ya duka la Kihindi, moja ya zile za mabati zilizobaki kando ya njia ya Kisumu kwenda Mumias, magharibi mwa Kenya. Mwenye nyumba alimruhusu. Mfukoni alikuwa na rupia pia, sarafu ya fedha ya India, ameisugua kwa majivu na ndimu hadi inang'aa kama ya jana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama vijana hawa wanatuokolea kitu au wanatupotezea.

Wana hoja, tena nzito. Nyumba hizi zinabomolewa. Mwenye kiwanja akipata mwekezaji, tingatinga huja asubuhi, na jioni udongo wa miaka mia moja umepakiwa kwenye lori ukajaze shimo kwingine. Kufuli, mawe ya mizani na majembe huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, anayepima kilo bila kuuliza umri. Isitoshe, habari za biashara ya huku ziliandikwa na wasafiri, wamisheni na maafisa wa serikali. Mama aliyekuja dukani kununua chumvi kwa senti zilizotungwa kwenye uzi hakuandikwa popote, ila ile senti yenye tundu na pembe za ndovu zilizochorwa kulizunguka, ya kuanzia 1907, huenda bado iko pale ilipomdondoka. Nani mwingine ataitafuta? Uingereza walianzisha mwaka 1997 mpango wa watu wa kawaida kuandikisha wanachookota, na vitu vilivyoandikishwa vimepita milioni moja, vingi vikiwa vya wenye ditekta. Wataalamu peke yao wasingefika huko.

Huku kwetu Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inakataza kutafuta vitu vya kale ardhini bila leseni, hata kama shamba ni lako. Vijana wengi hawaijui. Wachache wanaoijua huificha rupia, kisha huiuza kimyakimya kwa dalali wa sarafu. Hapo sheria imemfanya mtu awe mfichaji, na Makumbusho ya Kisumu hayaoni kitu.

Hata hivyo, sheria hiyohiyo ina jambo ambalo sijamsikia mtu wa ditekta akilijibu. Inaita kitu cha kale kile kilichotengenezwa Kenya, au kuingizwa Kenya, kabla ya 1895. Mwaka huo ni wa Mombasa zaidi kuliko wetu. Ndio mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao ya Afrika Mashariki, lakini Kisumu na hata Naivasha zilihesabiwa Uganda mpaka 1902, na reli ilifika Kisumu, ikiitwa Port Florence, mwishoni mwa 1901. Kwa hiyo karibu kila kilichoanguka nyuma ya duka lililojengwa baada ya reli kimekuja baada ya mstari huo wa 1895, na sheria haikihesabu kuwa cha kale. Ila Mumias ni habari nyingine. Misafara ya Waswahili ilikuwa ikipiga kambi huko kabla msafiri Mskoti Joseph Thomson hajafika mwaka 1883, ikileta merikani (kitambaa cha pamba), shanga na masango (waya) ya shaba, na kurudi na pembe. Njia ile ile, pengine ua ule ule, una tabaka mbili za biashara.

Sasa itazame ile rupia. Imeandikwa "Victoria Empress", basi haikupigwa kabla ya 1877, kwa kuwa kabla ya hapo ziliandikwa "Queen". Je, iliingia na mfanyabiashara wa msafara mwaka 1890, au mfukoni mwa fundi wa reli mwaka 1900? Sarafu haisemi. Rupia zilitumika hapa hadi 1920, za zamani zikichanganyika na mpya. Reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, ni mbaya zaidi, maana imeandikwa 1780 hata ikiwa imepigwa karne nzima baadaye. Kinachojua ni udongo: sarafu ilikuwa chini ya sakafu ya duka au juu yake, ilikaa na majivu ya jiko gani, na vipande gani vya vyungu. Mtu akichimba shimo la duara kufuata mlio, anatoka na sarafu na kuacha jibu shimoni, limevurugika. Hata swali la kama sheria inaihusu sarafu hiyo halijibiki tena.

Na ditekta husikia metali tu. Haisikii shanga, kioo, kigae wala mfupa, kwa hiyo historia inayotoka nayo ni ya wenye fedha na bunduki. Hata chuma cha wenyeji huwaponyoka watu hawa. Wahunzi wa Samia waliyeyusha chuma na majembe yao yakauzwa mbali, yakalipiwa hata mahari, lakini nimeona mavi ya chuma, yale mabaki ya kuyeyusha, yakitupwa kando kama takataka kwa sababu hayafanani na hazina.

Mimi nimeegemea upande wa kuuacha udongo ufungwe. Nyumba ambayo haijaguswa isichimbwe kwa sababu ya mlio, hata mwenyewe akikubali. Palipo na tingatinga mlangoni ni tofauti: hapo ningetaka kila kaunti ya huku iwe na mtu wa kupigiwa simu, aje na leseni, kamba ya kupimia na daftari, na vijana wenye ditekta wafanye kazi chini yake bila kutishwa. Ujuzi wao wa kusikia ni wa kweli. Na ndimu wasiitumie kabisa. Ile ngozi nyeusi ya rupia ndiyo iliyokuwa ikiilinda.

Nilimwomba kijana anipeleke alipoutoa ule muhuri. Alikuwa muungwana, akafukia kila shimo na kusawazisha. Alisimama kati ya mwembe na ukuta wa choo, akanyoosha kidole. "Hapa." Akasita. "Au pale." Nikachuchumaa kwenye kifusi kilichobaki kando ya ukuta, nikachambua kwa vidole. Zilitoka shanga tatu, nyekundu kwa nje na nyeupe moyoni, za aina iliyotengenezwa Venice, ikaletwa na misafara na kuendelea kuuzwa madukani baadaye. Nilimuuliza zilikuwa shimo gani, pamoja na muhuri au na rupia. Hakuwa ameziona.