Sista hakuniambia Mungu amesema nini

Mara ya kwanza nilipokwenda kwa Sista, mlezi wangu wa kiroho, yaani mtu anayenisikiliza ninapotafuta Mungu ananielekeza wapi, njia ya kupandia Kibosho kutoka Moshi mjini, nilibeba daftari lenye maswali saba. La kwanza lilikuwa hili: niache kazi Arusha nirudi nyumbani kumuuguza mama, au nimtafutie dada wa kazi? Sista alimimina chai kutoka kwenye chupa, akanisogezea kikombe, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwanangu, ukishamaliza kusali juu ya jambo hili, moyo unabaki vipi?"

Sikuwa na la kujibu. Miezi mitatu nilikuwa nasali bila kuutazama moyo wangu hata siku moja.

Wengi wetu tumezoea kuambiwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikwenda kwa mtumishi mmoja Arusha. Hakuuliza hata mama anaumwa nini. Aliniwekea mkono kichwani, akasema Bwana amemwonyesha kwamba nyumba ya baba yangu ina laana, nitoe sadaka ya ukombozi kabla ya Jumapili. Nilitoa. Kilichoniuma zaidi ya ile fedha ni kwamba nilianza kuogopa kulala katika chumba nilichokulia. Maombezi nayaheshimu, na nimeombewa na watu wema wengi. Ninachokikataa ni mtu kusimama kati ya Mungu na mwenzake, kisha akadai kwamba sauti pekee inayosikika ni yake.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliliona hili mapema. Mwaka 1521 mzinga ulimvunja mguu kule Pamplona, Hispania. Akiwa kitandani aligundua kwamba akiwaza ushujaa wa vitani alifurahi, lakini baadaye akabaki mkavu. Akiwaza kumfuata Kristo, furaha ilibaki. Hapo ndipo ilipoanzia njia aliyoiandika katika kitabu chake, Mazoezi ya Kiroho, ambayo Papa Paulo III aliyaidhinisha mwaka 1548. Humo anamwagiza anayeyaongoza asimwegemeze mwenzake upande wowote. Akae katikati kama mizani, amwache Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe chake.

Kukaa katikati hivyo kunahitaji kufundishwa. Sisi sote tuna ushauri tayari mdomoni. Mlezi aliyefundwa hujifunza kuuzuia ulimi, na yeye mwenyewe ana mlezi wake anayemsikiliza. Hujifunza pia mipaka. Nilipomwambia Sista kwamba usingizi umenikimbia wiki tatu, alisema, "Hilo tusilifanye la sala peke yake. Nenda kamwone daktari, halafu urudi." Nilikwenda, nikarudi.

Wengine hudhani ulezi huu wa kiroho ni kazi ya padre tu. Hapana. Hii si kitubio, yaani kuungama dhambi. Sista anaweza kuifanya, hata mlei, muumini asiye padre wala mtawa, aliyeandaliwa vizuri. Huko Misri, katika karne ya 4, watu walikwenda jangwani kuwafunulia wazee wa kiroho walioishi huko mawazo yao, na kati ya wazee hao walikuwamo akina mama walioitwa amma, yaani mama. Ni hapa hapa Afrika. Natamani parokia zetu, zinazochangishana kwa bidii kwa ajili ya mnara na vipaza sauti, zingemsomesha hata mlei mmoja kwa kazi hii. Katika kila jumuiya ndogondogo kuna mtu anayebeba jambo asilojua amweleze nani.

Nilirudi nyumbani mwezi wa tatu, masika yakianza. Kila nilipowaza kurudi, hofu ya kukosa mshahara ilikuwepo, lakini chini yake palikuwa na utulivu usioondoka. Huo ndio niliouamini. Sista hajawahi kusema kama nilichagua vyema. Bado nakwenda kwake mara moja kwa mwezi, saa moja hivi, mama akiwa amelala. Siku hizi tunazungumzia hasira niliyonayo kwa kaka zangu, ambao hata simu hawapigi.