Nimelipia pilipili Leeds, nikamkumbuka waya, shangazi yangu

Jumamosi iliyopita niliingia duka la samaki na chipsi karibu na ninapoishi hapa Leeds, Uingereza. Nikaagiza samaki, nikaomba pilipili. Kijana wa kaunta akachukua kikombe cha plastiki kinachotoshana na vifuniko viwili vya soda, akaniambia hicho ni peni 80. Nikadhani sijasikia vizuri. Chumvi ilikuwa pale pale mbele yangu, na siki pia, zote za bure, kila mtu anajimwagia hadi aridhike. Pilipili peke yake ndiyo ilikuwa na bei ubaoni.

Nililipa, nikala nimenuna. Mtu aliyekulia Kondele, kule Kisumu, hajui pilipili kuwa kitu cha kununua mezani. Pilipili iko tu, kama maji ya kunawa. Chupa ya zamani ya soda, kifuniko kimetobolewa kwa msumari, unaitikisa kabla samaki hajafika. Hata muuza smokie pale barabarani ukimwambia aongeze pilipili, anaongeza, na haulizi chochote. Nilipokuwa natafuna zile chipsi nilijisikia fahari kabisa. Nikasema, sisi ni watu. Hawa wanapima mchuzi kwa kijiko.

Nilikuwa nimefika karibu na nyumba ndipo nikaanza kumfikiria waya, yaani kwa Kijaluo dada ya babangu, na hasira yangu ikageuka ikaelekea nyumbani.

Waya anauza samaki karibu na soko la Kibuye. Ana meza nne na benchi, na jiko analiwasha kabla jua halijatoka. Jumapili, siku ambayo Kibuye hufurika watu, yeye hutoka kwenda kutafuta pilipili mbuzi, anachagua moja moja, anakataa zilizolegea. Nimekua nikimsaidia. Unakata kikonyo, unapasua katikati, unatoa ule utando mweupe wa ndani kama wateja ni wale wasiovumilia, kwa sababu ukali umekaa pale kwenye utando wala si kwenye mbegu kama wengi wanavyodhani. Halafu nyanya, kitunguu saumu, dhania, ndimu, chumvi. Anachemsha, anasaga, anachemsha tena. Moshi wake ukikuingia kifuani unakohoa mpaka machozi. Mikono inawaka hadi siku ya pili, na maji hayasaidii, kwa kuwa ule ukali hauyeyuki kwenye maji. Unapaka mafuta kwanza ndipo unaosha na sabuni. Hayo nilijifunza kwake, nikiwa na miaka kumi, baada ya kujigusa jicho.

Sasa nieleze: kazi hiyo yote bei yake ni ngapi? Bure. Samaki ana bei, ugali una bei, sukuma ina bei. Pilipili ni ya mezani.

Mimi hapa natengeneza pilipili yangu, na nauza chupa chache katika soko la mtaa kila mwezi. Pilipili nanunua Chapeltown, kwenye maduka ya watu wa Karibi. Ile wanayoiita scotch bonnet ni ndugu kabisa wa pilipili mbuzi yetu, hata harufu yake ya matunda ni ile ile. Naisaga na karoti na kitunguu saumu, napima kilo moja naweka gramu 30 za chumvi, nafunga kwenye gudulia wiki tatu. Kila asubuhi nalegeza kifuniko kidogo hewa itoke. Ikiota utando mwembamba mweupe juu, nauondoa naendelea. Ikiota manyoya ya ukungu, namwaga yote bila huruma. Mwisho natia siki na kupima asidi. Kipimo hicho cha pH, ambacho namba ikishuka asidi ndiyo inazidi, lazima kiwe chini ya 4.6, kwa sababu juu ya hapo vijidudu vya sumu ya botulizimu vinaweza kukua ndani ya chupa iliyofungwa. Mimi sijazi chupa mpaka nione chini ya 4.

Kabla ya kuuza nilijisajili kwa baraza la mji siku 28 mapema, bila kulipa hata peni. Mkaguzi wa afya alikuja jikoni kwangu. Akaketi. Akaniuliza chumvi naweka gramu ngapi, gudulia nalisafisha vipi, siku ngapi, joto gani. Aliandika kila nilichosema. Alipoondoka nilisimama pale jikoni nikitaka kulia, kwa sababu nilitambua kwamba waya amepika pilipili zaidi ya miaka ishirini na hajawahi kuulizwa swali hata moja kuhusu kazi yake. Wanaofika kwake na kitabu cha risiti, wale wa ushuru, mnawajua, na mnajua maswali yao.

Najua mtakachosema. Huyu ameishi majuu miaka tisa, sasa anataka tulipie pilipili kama wazungu. Nimeshasikia hayo kwenye simu, kutoka kwa binamu yangu mwenyewe, kabla hata sijamaliza sentensi. Hapana. Sisemi hivyo. Mtu akiniwekea peni 80 kwenye meza ya Kibuye nitakuwa wa kwanza kuinuka. Ukarimu wa ile chupa naupenda, nimelelewa nao, na hapa ugenini ndio kitu ninachokikosa kuliko hata samaki.

Lakini ukarimu ni wa nani? Hapo ndipo tunapokosana. Mteja anamsifu waya kuwa mkarimu, halafu anatoa juala mfukoni, anajaza pilipili ya kwenda nayo nyumbani kwa watoto. Nimewaona. Kuna dereva wa matatu mmoja amefanya hivyo kila Ijumaa tangu nikiwa shuleni. Ananunua samaki mmoja, anabeba nusu chupa. Waya anamtazama, anacheka, anamwita jathurwa, mtu wa kwetu. Kesho yake anasaga nyingine.

Mwingine ataniambia gharama imeshaingia kwenye bei ya samaki. Basi nilimpigia waya simu Jumapili usiku tukakaa kwenye hiyo hesabu. Nikamuuliza bei ya samaki anaipangaje. Akasema anaangalia jirani anauza ngapi. Kwa hiyo pilipili haimo. Tukahesabu ya wiki moja: pilipili shilingi 600, nyanya 400, ndimu 200, saumu na dhania 150, makaa kama 150. Jumla 1,500. Kwa majuma 52 ni shilingi 78,000. Na hapo hatujaweka jasho lake. Simu ilinyamaza. Kisha akasema polepole, "Nyathina, mwanangu, hiyo si ni karo?"

Na kuna jambo linaloniudhi zaidi. Sisi hawa hawa tunajua kulipia kitu cha kienyeji. Kuku wa kienyeji tunamnunua ghali kuliko wa gredi na hatulalamiki, tunajua amefugwa kwa taabu. Lakini pilipili ya mkono wa waya tunaidharau, tunaingia dukani tunanunua chupa ya kiwandani, nyekundu, tamu kama jamu, kwa sababu ina karatasi iliyobandikwa. Hapa nilipo ni kinyume. Chupa yangu ndogo naiuza pauni sita, na wanaoinunua wanauliza kwanza kama nimeisaga mwenyewe. Wanapenda pia kuuliza nambari ya ukali, ile ya kipimo alichobuni Mmarekani Wilbur Scoville mwaka 1912. Nawaambia pilipili hii kwa kawaida ni kati ya 100,000 na 350,000, wanafurahi, wanatoa pesa. Wazungu wana mambo yao mengi ambayo siyapendi, na ubaridi wao mezani ni mmojawapo. Katika hili la kuheshimu mkono uliotengeneza, wametushinda, na inaniuma kulisema.

Waya hakukubali kuweka bei mezani. "Mtu akikosa pilipili atasema nimekuwa mchoyo, na atahamia kwa jirani," alisema, na yuko sahihi, anawajua watu wake kuliko mimi. Tulichokubaliana ni chupa ndogo za kubeba. Nilimweleza kwamba ile yake ya mezani hukaa siku mbili tatu tu, kwa hiyo hii ya kuuza lazima iwe na siki ya kutosha, iingie kwenye chupa zilizochemshwa, na mteja aambiwe aiweke kwenye friji. Karatasi za kupimia asidi nilikuwa nimempa mtu aliyesafiri mwezi uliopita, nikidhani atazitupa. Kumbe alizihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo.

Jumanne alijaza chupa ishirini, shilingi 150 kila moja, akazipanga karibu na sahani za samaki. Ya mezani imebaki pale pale, ya bure, na kifuniko chake cha msumari. Jana usiku alinipigia yeye mwenyewe, jambo ambalo hafanyi kwa sababu ya gharama. Zimebaki tisa. Yule dereva wa matatu alikuja na juala lake kama kawaida, akaziona, akauliza ni nini hizo. Waya akamwambia. Akalirudisha juala mfukoni, akalipa 150, akakaa chini, akaomba chupa ya mezani ajimwagie kwenye samaki wake. Waya akamsogezea.