Mtoto yuko la nne ila anayesoma ni mimi

Hivi kuna mzazi hapa Arusha ameshawahi kuambiwa jambo la shule mchana? Mi hapana. Dogo anarudi, anakula, anacheza mpira nje mpaka magoti hayatambuliki, anaogeshwa kwa vita, anakula tena, katuni, na muda wote huo ukimuuliza vipi shule anakujibu "poa". Ngoja sasa uzime taa. Ndo unasikia kisauti kutoka chumbani, "Babaa, mwalimu kasema kesho twende na mlima."

Mlima! Saa nne usiku!

Mlima Kilimanjaro, wa maboksi, na uwe na vilele vyote vitatu. Nikamwambia kwani si tufanye Meru, huo hapo ukifungua dirisha unauona, akasema mwalimu anautaka ule uliopandishwa Mwenge. Haya. Mtu mzima nikakaa chini nakoroga uji wa ngano wa kubandikia magazeti, mama yake ananitolea pamba ya theluji huku ananung'unika, na mwenye mlima kajifunika blanketi mpaka kidevuni ananisimamia kazi. "Baba Mawenzi iko mashariki wewe umeiweka magharibi. Baba Kibo ni mita 5,895, Mawenzi 5,149, zako mbona zimelingana?" Nikauliza na Shira je, akasema hiyo ndo fupi kuliko zote, ipige ngumi kidogo. Nikaipiga ngumi. Alexander Nyirenda alivyoupeleka Mwenge kule juu Desemba 1961 alipigana na baridi tu, hakuwa na mtu kitandani anamwambia theluji yako imezidi upande wa kushoto. Na mlima wenyewe ukapewa sita kwa kumi. Sita! Mpaka leo natamani kwenda kukata rufaa.

Wasiosomesha wanakwambia unalalamika nini na elimu ni bila ada tangu 2016. Sawa, ada hamna, kwa hilo nashukuru kabisa, ila "mwalimu kasema" bado ipo palepale. Fagio la chelewa, kidumu cha maji, vizibo vya soda vya kuhesabia, yani nilizunguka grosari za huku Ngarenaro naokota vizibo chini ya meza mpaka mzee mmoja akanionea huruma akaninunulia soda, nikanywa, kizibo nikaweka mfukoni. Ikaja siku ya vazi la asili, mi Mrangi, mama yake Mchaga, tukabishana tukashindwa, mwisho tukaenda kumuazima mlinzi wa duka shuka lake la Kimasai, dogo akapendeza, mlinzi wa watu akalinda usiku kucha na koti langu la mvua.

Na zile tripu sasa. Mwaka jana walipelekwa hifadhi ya Arusha, kule Momela, mchango nikatoa nusu nusu mpaka ukatimia, chipsi kuku nikafungasha za kushiba mpaka jioni, nasikia hata Tengeru hawajafika chakula kimeisha kosta nzima, wamebaki wanalamba vidole. Jioni nimekaa mkao wa kusikiliza, haya niambie, simba umemuona? "Baba, pale hamna simba." Hamna? "Hamna. Kuna twiga, nyati, mbega na flamingo ziwani." Mbega, jamani, nimetoa hela yangu mtoto akaangalie mbega! Akanielimisha kwamba ni weusi kwa weupe na wana mikia mirefu, halafu cha maana kuliko vyote, nyani kamnyang'anya mwalimu ndizi. Hiyo ya nyani aliisimulia wiki nzima, na nikiri ilikuwa nzuri.

Ila iliyoniumiza ni ya juzi. "Baba, kesho tunaenda makumbusho." Yapi? "Ya Azimio la Arusha." Yani Kaloleni! Pale kwenye kiplefti cha mnara wa Mwenge! Mi napita pale kwa miguu nikienda mjini, leo natakiwa nitoe hela ya kosta mtoto akapaone? Nikatoa. Utafanyaje, wenzake wote wanaenda, abaki yeye darasani na chaki?

Akarudi kabadilika. Kaingia ndani hata viatu hajavua, kasimama mbele ya tivii. "Baba, unajua TANU walikaa kwenye jengo lile lile Januari 1967 wakapitisha Azimio, likatangazwa tarehe 5 Februari?" Nikasema vizuri sana, pisha nione mpira. "Unajua kiongozi alikatazwa kuwa na mishahara miwili?" Vizuri sana mwanangu. "Na alikatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha?"

Hapo nikapunguza sauti ya tivii. Maana mi mchana nashona nguo, jioni nauza mkaa, na uani nina kibanda cha chumba kimoja kapanga chalii wa bodaboda. Nikamwambia baba, hayo yalikuwa ya viongozi, mi fundi cherehani. Akaniangalia vile mama yake ananiangaliaga nikisema natoka mara moja. "Si unasemaga wewe ndo kiongozi wa hii nyumba?"

Mama yake kule jikoni akacheka mpaka akaegemea ukuta. Hakunisaidia hata kwa neno moja.

Ningeachiwa hapo ningeshukuru, kumbe mtoto kashatoka nje na daftari lake anamsomea mpangaji masharti ya uongozi, moja baada ya lingine, na chalii anaitikia "eeh, rudia hapo". Tarehe ya kodi ikafika. Namgongea, anafungua taratibu, mkono kifuani, "Mzee shikamoo, mi sina shida, ila dogo kaniambia hii kitu ilikatazwa na Mwalimu mwenyewe." Fikiria. Mtu anadaiwa kodi anamtaja Nyerere! Nikaenda kwa jirani yangu mzee, mwalimu mstaafu, nikampa kesi yote, akacheka akakohoa, akaniambia mwambie mpangaji wako masharti hayo yalilegezwa 1991 kule Zanzibar, tangu hapo viongozi wanapangisha nyumba bila wasiwasi. Nikarudi mbio nina furaha. Nikamwaga hoja yangu pale mlangoni, mwaka nikautaja, Zanzibar nikaitaja, chalii kanisikiliza kwa heshima zote, halafu kamuita mwanangu. "Dogo, hiyo ya Zanzibar mmefundishwa?"

"Hapana, hiyo haimo kwenye daftari."

Nimelipwa nusu. Nusu nyingine kasema tusubiri mpaka wafike kwenye hiyo mada, na nimemuuliza mwalimu wake, kasema ni mpaka muhula ujao.