Ramani ya kijani na mvua ya Mei

Mwanzo wa kila mwezi picha ya namna moja huzunguka kwenye simu za watu wa Lamu: ramani ya Kenya iliyopakwa rangi, kijani panapotarajiwa mvua, manjano na kahawia panapotarajiwa ukavu. Chini yake pana aya mbili tatu kuhusu joto la Pasifiki, joto la Bahari ya Hindi na mwendo wa pepo. Septemba moja, gatini Mokowe, nahodha aliyekuwa akingoja abiria aliivuta picha hiyo kwa vidole viwili mpaka Lamu ikajaa kioo, kisha akaniuliza: "Sasa kijani hiki, mwanangu, ni mvua yetu au ya watu wa bara?"

Sikuwa na jibu la papo hapo, na swali lile halijaniacha. Ndani yake mna ugomvi wote tulio nao kuhusu taarifa hizi za kila mwezi: kuna wanaotaka kila mtu azifuate, na kuna wanaosema hazituhusu.

Wanaozitetea wana hoja nzito. El Niño ni maji ya katikati na mashariki ya Pasifiki, penye ikweta, kupata joto kupita wastani kwa nusu nyuzi au zaidi na hali hiyo kudumu miezi kadhaa, na mara nyingi huja na vuli nzito kwetu Afrika Mashariki. Bahari yetu ya Hindi nayo ina mizani yake, ambayo wanasayansi waliieleza mwaka 1999 na kuiita Daipoli. Upande huu wa Afrika ukipata joto na upande wa Sumatra ukapoa, mawingu huja kwetu na vuli huwa nzito. Mizani ikielemea kule, huku tunakauka. Bahari haipati joto kwa usiku mmoja wala haipoi kwa usiku mmoja, ndiyo maana mtu anaweza kutazama vipimo vya Agosti akasema neno la maana kuhusu Novemba.

Na historia iko upande wao. Mwaka 1997 El Niño kali na Daipoli kali zilikutana, na kila aliyekuwa na akili zake wakati ule anakumbuka mafuriko. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa vilevile, lakini Daipoli haikuwa na nguvu za 1997, na ile gharika iliyoogopwa nchi nzima haikutokea kwa kiasi hicho. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu imetulia, Daipoli peke yake ikapanda kuliko miaka mingi iliyotangulia, na vuli ile ikaleta mafuriko na maporomoko. Kwa hiyo anayetaka kuijua vuli ya Afrika Mashariki aitazame Bahari ya Hindi kwanza, Pasifiki baadaye. Nasikitika kwamba jina la El Niño limetawala midomo yetu, na bahari tunayooga kila siku hatuitaji.

Halafu ikaja 2023. Mwishoni mwa Agosti Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na ICPAC, kituo cha kanda cha utabiri wa hali ya hewa, walisema vuli itazidi kawaida. Oktoba, Rais William Ruto akasema hadharani kwamba mvua haitafika kiwango cha uharibifu. Novemba maji yakashuka, na nchini Kenya wakafa watu zaidi ya 100. Sisi wa Lamu tuliipata habari hiyo barabarani: Mto Tana ulifurika, barabara ya Garsen hadi Lamu ikakatika upande wa Gamba, na bidhaa zikakwama.

Hapo nusu ya swali la nahodha inajibika. Tana hutoka Mlima Kenya na safu za Aberdare. Maji yanayotukatia njia huwa yamenyesha mbali sana na huku, na yanaweza kufika Gamba siku ambayo anga la Lamu ni jeupe bila wingu. Kijani kilichopakwa Nyeri na Embu ni mvua ya watu wa bara, ndiyo, lakini mafuriko yake ni yetu. Mwenye duka Mpeketoni au Langoni akiiona Oktoba ramani ya nyanda za juu imekoza kijani, ana sababu ya kujaza ghala lake mapema.

Upande wa pili nao hausemi upuuzi, na mimi mwenyewe nausikia vizuri zaidi kila mwaka unaopita. Wasikilize wakulima wa miji yetu midogo ya Hindi na Witu: mvua yetu ni masika. Hapa Lamu mwezi wa Mei pekee hubeba takriban theluthi moja ya mvua ya mwaka mzima. Oktoba, Novemba na Desemba zikijumlishwa pamoja, kwa wastani, hazifiki nusu ya Mei. Maana yake ni kwamba vipimo hivi viwili vikubwa vinavyoijaza taarifa ya kila mwezi, El Niño na Daipoli, vinasema kwa ufasaha kuhusu msimu ambao kwetu ni mdogo. Kuhusu msimu unaotujazia visima, vinasema kidogo sana.

Masika ni msimu mgumu kutabiri, na wataalamu wenyewe hawalifichi hilo. Mwaka 2018 masika yalinyesha kupita kiasi. Vimbunga vilivyokuwa mashariki ya Madagaska vilisaidia kuvuta hewa yenye unyevu kutoka Kongo kuja huku. Mwaka uliofuata, Machi 2019, kimbunga Idai kikapiga Msumbiji, masika yetu yakachelewa na ukavu ukasogea hadi Aprili. Kimbunga kikikaa upande mmoja wa kisiwa kile kinaleta mvua, kikikaa upande wa pili kinaiondoa. Nani atakuambia mwezi Februari kitakaa wapi?

Upo pia ule mzunguko wa mawingu uliogunduliwa na Madden na Julian mwaka 1971, unaoizunguka dunia kwenye ukanda wa ikweta kwa siku 30 hadi 60 hivi. Ukiwa Bahari ya Hindi, nyanda za juu za Kenya hupata mvua kwa urahisi. Pwani haifuati mpigo huohuo, na mara nyingine siku zetu za mvua huja wakati mzunguko ule uko kwingine kabisa. Kwa hiyo sentensi moja inayosema "mvua inatazamiwa kuongezeka nchini wiki ya pili" yaweza kuwa kweli Kericho na isiwe kweli Faza, bila mtabiri kukosea hesabu yake.

Sasa nije kwenye rangi zenyewe, maana hapa ndipo imani inapovunjika na hapa ndipo panaponiuma. Utabiri wa msimu huigawa miaka iliyopita mafungu matatu: ya mvua nyingi, ya kawaida, ya mvua chache. Usipojua lolote, kila fungu lina asilimia 33. Ramani ikionyesha asilimia 45 za mvua kuzidi kawaida, hapo pamekolezwa kijani, na anayeitazama anaona ahadi. Lakini zimebaki asilimia 55 za kuwa kawaida au pungufu. Kijani kile kinasema tu kwamba mizani imeelemea kidogo upande huu. Mvua ikikosa, watu husema "walitudanganya." Hawakudanganywa. Walipewa nambari, nambari ikageuzwa rangi, na rangi ikasomwa kama neno la mtu aliyeapa. Kosa hilo ni la anayetuma picha bila kuieleza. Sioni haki kumbebesha mkulima aliyepanda mahindi yake kwa kuitazama.

Wazee wetu wana hesabu yao, mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa Waswahili, na kugawanywa myongo ya siku kumi kumi, na wapo wanaosema hiyo inatosha. Naiheshimu hesabu hiyo. Inajua kusi huvuma lini, demani ni lini, kaskazi huingia lini, na ilisafirisha majahazi kabla ya simu. Lakini ni mwaka wa siku 365 usio na siku ya nyongeza, kwa hiyo husogea polepole ukilinganishwa na majira, na anayeutumia hulazimika kuurekebisha kwa macho. Tena mwongo hukuambia msimu umefika, haukuambii msimu huu utakuwa mnene au mwembamba. Ramani ndiyo inajaribu swali hilo la pili. Sioni sababu ya kuvigombanisha vitu vinavyojibu maswali mawili tofauti.

Kwenye bahari taarifa ya kila mwezi ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1998, baada ya El Niño ile, matumbawe ya Kiunga na Malindi yalipauka kwa joto la maji na mengi yakafa. Mwezi Aprili 2024 dunia ikatangaziwa upaukaji wa matumbawe wa nne wa kidunia. Joto la bahari hujengeka kwa wiki nyingi na hupimwa kwa setilaiti, kwa hiyo onyo huweza kufika kabla ya Machi na Aprili, miezi ya maji moto kwetu. Mvuvi hawezi kuipoza bahari, hilo najua. Lakini kikundi cha wavuvi cha Kiwayu au Kizingitini kikipata onyo hilo mapema kinaweza kukubaliana kupumzisha miamba iliyochoka kwa miezi michache.

Kuhusu upepo, taarifa ya mwezi haimfai sana mwenye mashua. Ami mmoja wa Matondoni aliniambia anachotaka kujua ni siku gani avuke na siku gani alale. Hilo ni la utabiri wa siku tano, na kimbunga Hidaya kilipokaribia Tanzania mapema Mei 2024, tahadhari za siku chache ndizo zilizokuwa na maana kwa mtu mwenye tanga.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Septemba na Oktoba naisoma ramani kwa makini, kwa sababu ya Daipoli na kwa sababu ya Tana. Januari hadi Machi naisoma kwa ajili ya matumbawe. Kuhusu masika, mpaka itakapoandikwa chini ya ramani, kwa Kiswahili, kwamba katika masika kumi yaliyopita ilibashiri sawa mangapi hapa Lamu, siwezi kumwambia mtu aache kupanda au aongeze shamba kwa ajili ya rangi.

Februari nilikuwa Pate, nikamkuta mwenye jabia ameinama juani akiziba nyufa za sakafu kwa lipu, ile sakafu pana inayokinga mvua na kuipeleka birikani. Nilimwonyesha ramani ya masika, kahawia tupu upande wetu. Aliitazama, akanirudishia simu, akaniomba nimsogezee ndoo ya saruji. Alisema mwaka wa mvua chache ndio usioruhusu ufa hata mmoja.