Shabaha ya gobore: ya kununua au ya kushindilia?

Mtu akipata gobore la kuwindia kulungu, yaani bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, haichukui muda kabla hajauliza kwa nini risasi zake zinatawanyika. Amelenga palepale mara tatu, lakini matundu matatu kwenye karatasi yamekaa kama nyayo za kuku. Majibu atakayopewa ni ya aina mbili. Wapo watakaomwambia anunue: darubini, bunduki ya mtindo mpya ambayo fataki yake inakaa moja kwa moja nyuma ya baruti, na risasi ndefu zilizovikwa ganda la plastiki. Wengine watamwambia asinunue kitu, ajifunze kwanza kushindilia.

Nawasikiliza kwanza hawa wa pili. Baruti nyeusi ni shura, makaa na salfa, kwa kawaida sehemu 75, 15 na 10. Inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Inabaki kuwa moshi mzito na ukoko ndani ya mtutu. Kwa hiyo risasi ya pili haipiti njia ileile iliyopita ya kwanza, na ya tatu inapita pembamba zaidi. Jicho halioni tofauti hiyo, ila mkono unaijua, maana mdeki, ule ufito wa kushindilia, huanza kugoma. Anayepangusa mtutu baada ya kila mlio, kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu, anaipa kila risasi njia ileile. Hatua hiyo haina gharama, na mara nyingi matundu husogeleana siku hiyohiyo.

Baruti nayo hupimwa kwa kijiko cha kipimo, tena kipimo kilekile, wala haimiminwi mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye kibuyu, kwa sababu cheche iliyobaki ndani inaweza kukilipua mkononi. Anayetafuta kipimo kinachoifaa bunduki yake huanza chini na kupanda greni (kipimo kidogo cha baruti) 5 kwa 5, akipiga risasi tatu kila hatua kwenye yadi 50, bila kuvuka kiwango alichoweka mtengenezaji. Kipimo kikubwa kuliko vyote ni nadra kuwa ndicho chenye shabaha. Risasi nayo lazima ikae juu ya baruti bila mwanya. Mwanya huharibu shabaha, na unaweza hata kupasua mtutu. Ndiyo maana wazoefu huchora alama kwenye mdeki: alama ikilingana na mdomo wa mtutu, wanajua risasi imefika.

Kisha kuna kile kitambaa kinachoifunga risasi ya duara. Baada ya mlio huanguka nyasini hatua chache mbele ya mpigaji, na wengi hukipita. Kiokote, ukikunjue kiganjani. Kikiwa kizima, na duara la masizi katikati na kingo zilizochanika kidogo tu, kimefanya kazi yake. Kikiwa kimetoboka katikati na kuungua, ama ni chembamba, ama mafuta yake ni haba, ama baruti ni nyingi. Kikiwa kimekatika kwa mistari, huenda mifereji ya ndani ya mtutu, au mdomo wake, ina makali. Hakuna darubini itakayokuambia hayo.

Hata hivyo, wanaosema nunua hawakosei katika yote. Risasi ya duara husukumwa vibaya na upepo na huchoka mapema. Ikitoka kwenye bunduki ya kipenyo cha inchi 0.50, ikifika yadi 100 imebaki na takribani theluthi moja tu ya nguvu iliyoanza nayo. Risasi ndefu huhifadhi nguvu hiyo vizuri zaidi. Sharti lake ni mtutu unaoifaa: mifereji inayozunguka mara moja katika kila inchi 28 hivi huituliza risasi ndefu, ilhali ya duara hupenda mzunguko wa taratibu, mmoja kwa inchi 60 au zaidi. Mtu anayenunua risasi za kisasa na kuzishindilia kwenye mtutu wa zamani atalaumu jicho lake bure.

Hoja yao kubwa ni ya huruma. Sehemu ya kulungu ambayo risasi ikiingia anakufa upesi ina upana wa inchi 8 hivi. Nje ya hapo ni mnyama aliyejeruhiwa, anayekwenda kufia kichakani pasipoonekana. Chombo kinachopunguza hilo, wanasema, hakiwezi kuwa kibaya. Nakubali, lakini kwa nusu. Shida ni kwamba shabaha iliyonunuliwa mara nyingi hutumika kuongeza umbali, haitumiki kupunguza makosa. Aliyekuwa akisubiri kulungu afike yadi 60 sasa anampiga akiwa yadi 200. Risasi huchukua yapata theluthi moja ya sekunde kufika huko, na kulungu anayekula majani anaweza kupiga hatua wakati huo. Darubini haimzuii.

Marekani, ambako majimbo mengi hutenga msimu maalumu wa magobore, mvutano huu umeingia hadi kwenye sheria. Bunduki ya mtindo mpya ilishika soko baada ya fundi bunduki Tony Knight kuleta bunduki yake ya MK-85 mwaka 1985, na tangu hapo kila jimbo limechora mstari wake. Colorado inakataza darubini na ganda la plastiki katika msimu huo. Pennsylvania ina msimu wa baada ya Krismasi unaoruhusu gumegume peke yake, yaani gobore linalowashwa kwa cheche ya jiwe. Utah iliruhusu darubini za kukuza mwaka 2016, ikazipiga marufuku tena kuanzia 2024. Mantiki ni kwamba msimu ulitolewa kwa sababu silaha ni ya karibu na ya mlio mmoja. Ikigeuka kuwa ya mbali, sababu ya msimu inapungua.

Nasimama na mstari huo, isipokuwa kwa watu wenye macho yaliyochoka. Mzee wa miaka 65 haoni tena kilengeo cha nyuma, cha mbele na mnyama kwa pamoja. Kumnyima kioo kisichokuza kitu, kinachomwonyesha tu nukta ya kulengea, ni kumfukuza porini au kumlazimisha abahatishe. Yote mawili ni mabaya, na hakuna umbali wowote alioongezewa.

Pande zote mbili lakini husahau jambo moja zinapojisifia karatasi zao. Matundu yaliyoshikana hupatikana mtutu ukiwa umeshapata moto. Kulungu hupigwa na risasi ya kwanza, asubuhi ya baridi, kutoka kwenye mtutu uliolala na mafuta ndani yake. Risasi hiyo inaweza kwenda pengine kabisa. Wiki moja kabla ya msimu, futa mafuta yote kwa spiriti, shindilia, piga moja tu, weka tarehe kwenye tundu, kisha rudi nyumbani. Kesho yake fanya hivyohivyo kwenye karatasi ileile. Baada ya asubuhi tano una matundu matano, na umbali ambao yote yanaenea ndani ya inchi 8 ndio mwisho wako wa kufyatua.