Jozani si kituo cha kupigia picha kima

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, hifadhi ya taifa ya mwanzo Zanzibar, na mpaka leo wengi wetu tunaijua kama pahala pa kushushia wageni nusu saa. Gari inatoka Mjini, inasimama langoni, wageni wanapiga picha kima punju, yule kima mwekundu wa Unguja, gari inaendelea Paje ufukweni. Wapo Waunguja wenye wajukuu ambao hawajakanyaga ndani hata siku moja. Mimi siwalaumu wageni, maana wao hufuata walichoambiwa. Sisi ndio tuliowaambia kwamba Jozani ni kima, basi.

Jozani kwanza ni jiwe na maji. Tazameni ilipokaa: kwenye kiuno cha kisiwa, Ghuba ya Chwaka upande mmoja, mkono wa bahari wa Pete upande wa pili. Sehemu kubwa ya ardhi ya mashariki na kusini ya Unguja ni maweni, yaani matumbawe ya zamani yaliyobaki juu bahari iliposhuka. Jiwe lake ni kali, lina matundu kila pahala, na udongo wake mwekundu umejikusanya humo matunduni tu. Mvua ikinyesha juu yake maji hupita kama tui kwenye kifumbu, ndiyo maana huku hukuti mto wa kuogea wala wa kunywesha ng'ombe. Maji matamu yako chini, yamelala juu ya maji ya chumvi. Ukiyavuta kupita kiasi, kisima kinageuka chumvi. Watu wa pwani ya mashariki hawahitaji kufundishwa hilo.

Sasa, Jozani ni bonde. Pale ardhi imeshuka mpaka yale maji ya chini yako karibu kabisa na mizizi, na masika yakikolea huja juu yakatuama baina ya miti. Kwa hiyo unakuta mitondoo na michikichi mirefu, giza na unyevu, halafu ukienda mbele kidogo tu unatoka kwenye kichaka cha maweni ambacho miti yake haikupiti sana urefu. Hakuna anayemwonesha mgeni mpaka huo, na kwangu mimi ndio jambo la kushangaza kuliko yote mle ndani. (Na tusijidanganye kwamba ni msitu ambao mkono wa mtu haujaugusa. Ulikatwa mbao miaka mingi kabla ya kulindwa, na mitondoo mingine tunayoisifia ilipandwa na watu wa misitu.)

Jiwe hilo limetunza na kumbukumbu. Katika pango la Kuumbi, kule Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya punda milia na nyati. Hawakuja kwa jahazi. Wakati wa enzi ya barafu bahari ilikuwa chini, na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Maji yalipopanda wanyama wakafungiwa kisiwani. Wakubwa wakamalizika, wadogo wakabaki na wengine wakabadilika. Kima punju ni mmoja wa waliobaki na akawa wa kwetu, duniani hana kwao pengine. Chui wa Unguja naye alikuwepo, mdogo kuliko wa bara, akasakwa kwa sababu watu waliamini wachawi wanamfuga. Leo tunaye yule aliyekaushwa, wa makumbusho.

Kima mwenyewe ana mengi kuliko ile nywele yake ya kuchekesha. Hana kidole gumba cha maana. Tumbo lake limeumbwa kusaga majani kwa kuyachachusha, kwa hiyo embe lililoiva, ambalo sisi tungepigania, yeye halimfai. Hula machanga, majani laini, na maua. Majani ya mwembe na ya mkungu (mti wa kungu) yana sumu kidogo, basi kima wa mashambani wakajua dawa yake: wanakula mkaa. Huokota vipande kwenye tanuri za zamani au kwenye visiki vilivyoungua, na watoto hujifunza kwa mama zao. Utafiti uliotolewa 2017 ulihesabu zaidi ya kima 5,800, mara tatu ya walivyodhaniwa, lakini bado wamo katika orodha ya walio hatarini kutoweka.

Hapa ndipo ninapotaka kugombana kidogo. Wale kima wanaopigwa picha kwa karibu, waliozoea watu, wengi wao wanashinda kwenye mashamba yaliyo kando ya msitu. Wanakula miembe ya mtu na vidaka, zile nazi changa kabisa, vya minazi ya mtu. Mwaka 1999 watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walitoa matokeo kwamba kula vidaka hakukupunguza mavuno ya nazi. Mnazi hudondosha vidaka vingi wenyewe, na kupunguzwa huenda kunausaidia. Naukubali utafiti huo. Lakini nenda kamwambie mkulima aliyesimama chini ya mnazi wake akitazama vidaka vinavyoanguka! Na minazi si mazao pekee anayolima. Ule utaratibu wa kuwagawia wakulima na vijiji sehemu ya kiingilio ulikuwa wa akili, na kwa maoni yangu fungu la mwenye shamba lilipwe kwanza, kabla ya jengo jipya la mapokezi au kibao kipya cha rangi. Bila yeye hakuna picha.

Na kuna wanyama wasiopigwa picha. Paa nunga ni paa mdogo mwekundu mwenye mkanda mweupe mapajani, hapatikani ila Unguja na sehemu chache za pwani ya Kenya. Yeye anataka kichaka kinene cha maweni, na hupenda kupita chini ya kima akiokota majani na matunda wanayoyaangusha. Kichaka hicho, machoni mwa wengi, ni pori la bure: hukatwa kuni, huchomwa mkaa na chokaa, hulimwa, hugeuzwa viwanja. Hoteli moja ya ufukweni inataka chokaa, nguzo, na maji, na vyote vitatu vinatoka kwenye jiwe hilihili. Tukilinda bonde la miti mirefu na kuyaacha maweni, kima watapata pahala pa kupigiwa picha, paa nunga atakosa pa kulala.

Upande wa mikoko sina ugomvi mkubwa, ila nasikitika watu hawafiki. Ghuba ya Chwaka ina mikoko mikubwa kuliko yote Unguja: mlilana umesimama mbele kwenye maji, mkandaa na mchu nyuma. Samaki wadogo wanakulia kwenye mizizi, na wavuvi na kina mama wa mwani wanaishi kwa ghuba hiyo. Kima nao wanakuja kula majani ya mikoko.

Barabarani yaliwekwa matuta na vifo vya kima vikapungua sana, ushahidi kwamba dawa nyingine ni saruji tu na madereva kukubali kupunguza mwendo. Hii ya maweni inataka uamuzi mgumu zaidi: mwenye kutaka kibali cha kujenga pwani ya mashariki aulizwe kwanza maji atachimba wapi, na nguzo na chokaa atavitoa wapi. Nanyi wenye gari za wageni, ongezeni saa mbili. Mpelekeni mgeni Pete kwenye daraja la mbao la mikokoni maji yakiwa yamejaa, kisha apitishwe maweni na kijana wa kijiji, na kijana huyo alipwe mkononi.